Anayechimba asijipime mwenyewe: kutoka Muanda mpaka Ziwa Kivu



Fungua karta ya inchi yetu mu telefone yako na uifuate mpaka mangaribi, kule muto Congo unaingia mu bahari. Pwani yetu yote haipite sana kilomita 40. Ni kadirisha tu, Angola iko upande wa kusini, na upande wa kaskazini kuna Cabinda, ambayo nayo ni ya Angola. Mu kale kadirisha njo Congo inatoa petroli yake yote: kuna visima vya inchi kavu pale Muanda, na kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama ndani ya maji. Ile ya baharini ilianza kutoka mwaka 1975. Kwa zaidi ya miaka makumi mbili sasa, mwenye kuichimba ni sosiete moja, Perenco, ya Wafaransa na Waingereza.

Wengi wetu wa Goma, Bukavu, Uvira ao Beni hatujafika kule hata siku moja. Ni mbali kuliko Kampala, ni mbali hata kuliko Nairobi. Lakini tunaomba musome hii mpaka mwisho, kwa maana ile imefanyika Muanda njo ile wanatayarisha mu Ziwa Kivu: kutoa gazi kutoka chini ya maji, mbali na macho ya watu, na kumuachia mwenye kuchimba kazi ya kusema kama anachafua ao hapana.

Mbele ya yote tuelewane kwanza juu ya uchafu wenyewe, maana wakubwa wanapenda sana kusema "hayo ni mambo ya tekniki, nyinyi vijana hamuwezi kuyaelewa". Tunayaelewa.

Petroli haitoke peke yake mu kisima. Inatoka na gazi, na inatoka na maji, maji ya chumvi yaliyolala chini ya mawe miaka mamilioni. Kisima kikizeeka, maji yanazidi, yanaweza hata kupita petroli mara kadhaa. Na kule Muanda wanachimba tangu miaka karibu 50. Ndani ya yale maji munabakia matone ya petroli, metali nzito, na dawa ambazo wafanyakazi wanatia mu tiyo kusudi zisile kutu. Sasa utayapeleka wapi? Kuna njia mbili za heshima: kuyasafisha mpaka yabakie na mafuta kidogo sana, ao kuyasukuma tena chini kule yalitoka. Njia ya tatu ni kuyamwaga na kunyamaza. Mu Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, inchi zilipatana, chini ya mapatano ya OSPAR, kwamba maji ya kumwaga baharini yasipite miligramu 30 za mafuta kwa litri moja, na kila sosiete itoe hesabu. Hakuna uchawi mu zile miligramu 30. Inahitaji mashini ya kutenganisha, kifaa cha kupima, na mutu wa labo anayelipwa mushahara wake bila kuogopa bosi.

Kiisha gazi. Sosiete inataka petroli, maana petroli inapanda mu meli na inauzwa. Gazi inaomba tiyo zingine, mashini za kuibana, mutu wa kuinunua. Basi wanaiwasha moto. Iko rahisi. Njo ile miali munaona mu picha za Muanda, inawaka usiku na muchana karibu na mashamba na nyumba za watu, na baharini vilevile. Ule moto unatoa CO2, unatoa masizi, na kama hauungui vizuri unaachilia metani yenyewe, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 kupita CO2. Mwaka 2023, kwa hesabu ya Banki ya Dunia, dunia nzima ilichoma hivyo karibu miliari 148 za metre kubu. Na sisi, inchi ambamo mama anapika na makala na mutoto anasoma na tochi ya telefone, tuko mu wale wanaochoma gazi bure.

Je, inawezekana kufanya ingine namna? Inawezekana tangu zamani. Norwei imekataza kuchoma gazi ovyo mu majukwaa yake, wanaruhusu tu kwa sababu ya usalama. Mwaka 1991 ikaanza kulipisha kodi ya CO2 kwa wenye kuchimba baharini. Miaka tano kiisha, mwaka 1996, pale Sleipner, wakaanza kurudisha CO2 chini ya sakafu ya bahari pahali pa kuiachilia mu hewa. Usifikiri wale watu ni malaika. Wanauza petroli mingi sana na hawana haya. Lakini kuchafua kuligeuka kuwa na bei kali kuliko kusafisha, na injenieri akapata kazi. Wakati kuchafua ni bure, injenieri anakaa tu.

Sasa tazama sosiete moja mu inchi mbili. Tarehe 26 Machi 2023, kule Uingereza, mu bandari ya Poole, tiyo ya Perenco ilivuja. Mapipa karibu 200 ya maji yaliyochanganyika na petroli yakaingia mu ghuba. Wakubwa wa bandari wakatangaza palepale kwamba ni tukio kubwa, watu wakaambiwa wasioge mu yale maji, wanahabari wakajaa, kila mutu akajua idadi ya mapipa. Mapipa 200, na inchi nzima ikaamuka! Muanda, muvuvi akiona mafuta juu ya maji asubuhi, anaita nani? Anaita chifu, chifu anaita teritware, teritware inauliza sosiete, sosiete inatuma watu wake, na watu wake wanasema iko sawa. Hesabu inaanza na sosiete na inaishia kwa sosiete.

Perenco inakana kwamba inaharibu. Inasema inafuata sheria za inchi na kawaida za kimataifa. Sawa. Hata tukubali dakika moja kwamba inasema kweli: ni nani, mu Congo hii, anaweza kusimama na karatasi ya mapimo yake mwenyewe na kusema ndiyo ao hapana? Njo hapo shida yote inalala. Leta inapata feza ya petroli, haina mashua ya kufika pale jukwaani siku yenye haijatangaza, haina labo pale Muanda inayotoa matokeo kila mwezi, na mutu wa Leta akifika anapanda mu gari la sosiete, anakula chakula cha sosiete, anarudi na karatasi ya sosiete. Halafu tunashangaa kwamba raporo inasema maji iko safi.

Pembeni ya ile kazi kuna Parc marin des mangroves, iliyofunguliwa mwaka 1992 na kuingizwa mu orodha ya Ramsar mwaka 1996. Ni mikoko, ni mazalio ya samaki, kuna kasa na kuna nguva wa muto. Mukoko ukinywa mafuta mu mizizi hausemi kitu. Unakauka pole pole miaka kadhaa, na siku umekauka, mwenye kumwaga ameshasahau tarehe.

Njo maana mambo yamefika Paris. Mu Novemba 2022, mashirika mawili ya Ufaransa, Sherpa na Les Amis de la Terre, yalishitaki Perenco mbele ya tribinali kule juu ya uharibifu wa mazingira wa Congo. Na mbele ya hapo yalipigana miaka mizima mu tribinali kusudi tu yapate makaratasi ya kuonyesha ni nani anaamuru mu ile sosiete. Tunawashukuru. Lakini inapaswa kutuuma pia. Mukongomani akitaka kujua nini inaingia mu maji ya Congo, anangojea juji wa Ufaransa! Katiba yetu, artikle 53, inasema kila mutu iko na haki ya mazingira safi na inasema Leta njo inayalinda. Tuko na sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011. Tuko na sheria ya hidrokarbure ya 1 Agosti 2015. Makaratasi hayakosekane. Kinachokosekana ni mashua, labo, na mutu asiyekula kwa sosiete.

Na musifikiri ni wavuvi na miti tu. Tarehe 20 Machi 2024, kule Gabon, jukwaa la Perenco lenye kuitwa Becuna liliwaka moto baharini, watu 6 wakakufa. Walikuwa wafanyakazi, watu walioamuka asubuhi kuenda kutafuta mukate. Tiyo inayovuja, mashini iliyozeeka, kisima kisichokaguliwa: mu mwaka wa kwanza inachafua maji, mu mwaka wa kumi inaua mutu. Ni ugonjwa mumoja.

Sasa turudi kwetu.

Chini ya Ziwa Kivu mulilala gazi nyingi kuliko tunavyoweza kufikiri: karibu kilomita kubu 300 za CO2 na karibu 60 za metani. Ziwa linapita mita 480 kwa kina. Mutoto wa Goma hahitaji kufundishwa nini ni CO2, tunaiita mazuku, tunajua mahali gani mu Virunga na njia ya Sake mbuzi anaingia na hatoke. Na ulimwengu uliona nini inafanyika ziwa likipasuka: tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos kule Cameroun liliachilia CO2 usiku, watu zaidi ya 1,700 wakakufa wamelala. Nyos ni kadimbwi mbele ya Kivu, na pembeni ya Kivu tunaishi watu mamilioni.

Mu Julai 2022, Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli na 3 vya gazi. Vile 3 vya gazi ni vya ziwa letu: Makelele, Idjwi, Lwandjofu. Mwanzo wa 2023 ikataja sosiete tatu zilizoshinda. Mu Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya petroli ukafutwa, na tulifurahi. Lakini ziwa liko palepale, gazi iko palepale, na kila mufanyabiashara wa umeme mu eneo hili analitazama.

Sisi hatuseme gazi ya Kivu isiguswe. Tunajua wenzetu wengine wana mawazo mengine, na tutaendelea kubishana nao. Kwetu, metani ile ikiendelea kujaa bila kutolewa, nayo ni hatari. Na ikitolewa vizuri inaweza kuwasha nyumba na kupunguza makala yanayokatwa mu Virunga. Rwanda tayari inafanya: KivuWatt, karibu na Kibuye, inatoa megawati 26 tangu mwisho wa 2015. Neno kubwa ni "vizuri", na "vizuri" inapimwa na metre.

Eleweni namna inatembea. Mashini inaelea juu ya ziwa. Tiyo inashuka zaidi ya mita 300. Maji ya chini yakipanda, gazi inatoka yenyewe, kama unafungua chupa ya Fanta. Metani inatengwa na kuenda kwenye umeme. Yale maji yaliyobaki yanarudishwa ziwani. Mazingira yote ya ile kazi yako ndani ya hilo neno moja, "yanarudishwa". Yanarudishwa kwa kina gani?

Kivu iko kama nyumba ya etaje. Chini kabisa kuna maji mazito, ya chumvi na gazi. Juu kuna maji mepesi, mwenye sambaza wetu anaishi. Kati yao kuna kama dari, haichanganyike. Rudisha yale maji juu sana, unaleta karibu na samaki maji yasiyo na oksijeni, yenye ile gazi ya kunuka mayai ya kuoza na yenye mbolea nyingi: ziwa linageuka kijani, sambaza anakufa, na mama anayeuza sambaza sokoni ndiye wa kwanza kujua, mbele ya waziri. Yarudishe vibaya miaka makumi mbili, unadhoofisha dari yenyewe, na ile dari njo inazuia gazi kupanda kwa mara moja. Lakini yarudishe kwa kina chenye kufaa na metani itapunguka pole pole, ziwa litakuwa salama kuliko leo. Mashini iko ileile, tiyo iko ileile. Inategemea metre, na inategemea nani anaisoma ile metre.

Munakumbuka 22 Mei 2021. Nyiragongo ilipopasuka, hatukuambiwa kitu mbele. Ule mwaka, programu ya Banki ya Dunia iliyokuwa inasaidia OVG ilikuwa imeisha tangu 2020 na haikuendelea, na kwa miezi ile observatware ilikosa hata intaneti ya kupokea mapimo ya vifaa vya mbali. Siku tano kiisha wakatuambia tutoke mbio Goma, kwa maana lava iko chini ya muji na chini ya ziwa. Watu mamia ya maelfu barabarani, mutoto mugongoni, matela kichwani. Njo bei ya kutopima. Kifaa kilikuwa pale juu ya mulima, lakini feza ya kukifuatilia haikuwapo. Sasa wanataka kutia mashini za gazi mu ziwa hilohilo na kutuambia kwamba sosiete itapima yenyewe, itatuma raporo Kinshasa. Hapana.

Mutu atasema: "Goma iko mu mikono ya M23 tangu Januari 2025, Bukavu tangu Februari, watu wanalala mu vita, na nyinyi munaleta mambo ya samaki na mabomba?" Ni swali la haki, na hatulitupe. Tunajibu hivi: vita njo wakati makaratasi yanapita. Wakati watu wanakimbia hakuna anayesoma kontra. Na ziwa halijue nani anashika muji, halijue hata mupaka wa Congo na Rwanda, maji yanayorudishwa vibaya upande mumoja yatakunywa upande wa pili. Amani ikifika, tutakuta nini imesainiwa?

Mwingine atasema inchi maskini haiwezi kuwa na sheria kali, sosiete zitakimbia. Lakini Perenco inachimba Bahari ya Kaskazini pia, upande wa Uingereza, na huko haijakimbia. Sosiete inakimbia pahali hakuna petroli. Pahali petroli iko, inakaa na inafuata sheria inayofuatiliwa. Na kama kuna moja itakimbia kwa sababu tumeiomba kupima maji, basi ituachie ziwa letu.

Kelele nayo inasaidia, musidharau. Mu 2014 SOCO ilikuwa imeanza kupima petroli mu Ziwa Edouard, ndani ya Virunga kabisa, na ilikuwa na vibali vyote na wakubwa wote upande wake. Wavuvi, walinzi wa parke, vijana, na watu wa inje wakapiga kelele, na Juni 2014 ile sosiete ikakubali kuacha. Makaratasi ya Kinshasa yalikuwa safi kabisa, na bado ikaacha.

Kwa hiyo tunaomba nini? Kwanza mapimo yatoke mu mikono ya sosiete. Sosiete ilipe, ndiyo, kwa kila pipa na kila metre kubu, lakini ile feza iingie mu mufuko ambao haiushike, na ilipe labo mbili: moja Muanda, moja ya ziwa hapa Kivu, pamoja na watu wa chuo kikuu na wa OVG. Labo ifike jukwaani siku yoyote, bila kutuma ujumbe mbele. Matokeo yatoke kila mwezi, mu Kifaransa, Kikongo, Lingala na Kiswahili: mafuta kwa litri ya maji, gazi iliyochomwa, kina cha maji yaliyorudishwa, oksijeni pale sambaza anaishi. Gazi inayochomwa Muanda ilipishwe, na bei ipande kila mwaka mpaka kuizima kuwe rahisi kuliko kuiwasha. Kontra za Kivu ziwekwe hadharani, dekre ya 20 Mei 2011 inasema siku 60 tu. Na sosiete iweke garanti ya feza leo kwa ajili ya kuziba visima na kuondoa yale majukwaa ya zamani, maana chuma kinaoza mu chumvi, na siku petroli imekwisha hakuna atakayejibu simu. (Hiyo ya mwisho hakuna anayeiongea. Tutaandika juu yake peke yake.)

Wakati tunangojea, muko na telefone. Satelite zinaona moto wa gazi kila usiku, karta zake ziko bure mu intaneti, tafuta Muanda na utaona nukta nyekundu wewe mwenyewe. Wenzetu wa Muanda, Banana na Boma: mukiona mafuta juu ya maji, piga picha, andika tarehe, saa na mahali, mututumie, na musiingie mu maeneo ya sosiete, hatutaki mutu afungwe bure. Wa Idjwi, Kalehe, Minova: kaeni na wavuvi, muandike ni kilo ngapi za sambaza wanaleta sasa, mbele mashini hazijafika, kusudi siku moja mutu asituambie kwamba samaki walikuwa hawako tangu zamani.

Na kila mubunge wa Kivu akija kuomba sauti yenu na kuwaahidi umeme wa ziwa, mumuulize: yale maji yatarudishwa kwa mita ngapi, na nani atapima?